SOMO: Kupiga picha na video Ziwa Natron na Ol Doinyo Lengai bila mlima kugeuka kichuguu

Wakuu, salaam.

Safari yangu ya kwanza Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, nilirudi na picha zaidi ya mia sita, na hakuna hata moja iliyobeba kile nilichokiona. Ukisimama Engare Sero, kijiji cha karibu na ziwa, mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai umechongoka mbele yako kama pia iliyogeuzwa, unajaza macho. Kwenye picha zangu ulikuwa kichuguu katikati ya vumbi. Ziwa lilikuwa mstari mweupe tu. Niliumia, maana barabara ya kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka si ya kwenda kila wikendi. Nimesharudi huko mara nne, na haya ndiyo niliyojifunza. Mfano ni Natron, lakini mwenye safari ya Chalbi au Turkana kule Kenya naye atapata lake.

Hatua ya 1: Jua linatokea wapi na linazama wapi

Kabla ya kufikiria kamera, fungua ramani. Engare Sero iko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, na ukingo huo uko magharibi. Jua likishuka linajificha nyuma ya ukuta ule mapema, na kivuli kinafunika kijiji kabla ya machweo yenyewe. Wageni wengi hufika saa 11 jioni wakitegemea mwanga wa dhahabu, wanakuta umeshaondoka.

Kwa hiyo jioni geuza kamera mashariki. Mlima Gelai, wenye mita 2,942, unaendelea kupata jua wakati nyie chini mko kivulini, na unageuka mwekundu kama chungu kilichotoka tanuruni. Asubuhi ni kinyume: jua linatokea upande wa Gelai na kupiga ukingo wa magharibi usoni. Lengai uko kusini ya kijiji, hivyo mwanga wa asubuhi unaupiga kutoka kushoto na kila mfereji ubavuni mwake unaonekana. Mchana mifereji hiyo yote inapotea.

Jua huchomoza kama saa 12:30 asubuhi. Huku karibu na ikweta linapanda wima, kwa hiyo mwanga laini unadumu nusu saa hivi. Uwe umeshasimama mahali pako saa 12 kamili, stendi imefungwa, lenzi imefutwa. Na lala angalau usiku mbili. Asubuhi ya kwanza ni ya kujua mahali, ya pili ndiyo ya picha.

Kuhusu majira: Machi hadi Mei makorongo yanajaa na kukata barabara. Juni hadi Oktoba barabara inapitika, ila vumbi liko hewani na milima ya mbali inafifia. Mimi napenda siku chache baada ya mvua za kwanza za vuli, hewa ikiwa imeoshwa.

Hatua ya 2: Vifaa, kwa kifupi

Kamera yoyote unayoijua vizuri, lenzi pana moja, lenzi ndefu moja ya kuvuta vya mbali (hata ya milimita 70-200 inatosha), stendi isiyotikiswa na upepo, betri tatu, memori kadi zaidi ya moja. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa, kwa hiyo kadi ya 64 haifiki saa moja na nusu. Usitegemee kupata pa kuchajia. Beba chaja ya gari na pawabenki. Anayekwenda kwa ndege akumbuke pawabenki hupanda nawe kwenye begi la mkononi, na kikomo cha kawaida ni saa-wati 100, yaani kama mAh 27,000.

Hatua ya 3: Onyesha ukubwa

Hapa ndipo nilipokosea, na ndipo naona wengi wanakosea.

Ukikutana na mandhari kubwa mkono unakwenda wenyewe kwenye lenzi pana, ili kila kitu kiingie. Lenzi pana inavuta mbele kilicho karibu na kusukuma nyuma kilicho mbali. Mlima wa karibu mita 3,000 unakuwa mdogo kuliko kichaka kilicho miguuni pako. Fanya kinyume chake: rudi nyuma, hata kilomita mbili au tatu, kisha tumia lenzi ndefu. Tafuta boma, punda, mti mmoja wa mgunga au mtu anayetembea, kiwe kati yako na mlima. Ukiwa mbali na kitu hicho pia, si na mlima peke yake, lenzi inavibananisha. Boma linabaki dogo, na Lengai unasimama nyuma yake kama ukuta.

Picha yangu ninayoipenda kuliko zote niliipata hivyo. Kijana alikuwa anaswaga punda wanne wenye madumu ya maji, mbali sana, shuka lake jekundu likionekana kama punje ya mtama. Nilisubiri dakika ishirini mpaka akapita kwenye mstari wa mlima. Bila yeye ile ni picha ya kadi ya posta. Kwa sababu yake, macho yanaanza kupima.

Lenzi pana ina kazi yake pale chini unapokuwa na kitu cha kuonyesha. Gamba la magadi ufukweni limepasuka vipande vya pembe nyingi, kingo zimejikunja juu kama chapati iliyosahaulika juani. Shusha kamera hadi sentimita 30 kutoka ardhini, weka nyufa zile mbele, ziongoze jicho hadi mlimani. Hapo lenzi pana inakutumikia.

Jambo jingine: weupe unaouona kileleni Lengai si theluji. Lava ya mlima huu ni ya aina yake duniani, inatoka nyeusi na kugeuka nyeupe ikipata unyevu. Ukiandika maelezo ya picha usije ukasema theluji.

Hatua ya 4: Usiiamini kamera juu ya magadi

Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na magadi yanatoka kijivu kama majivu ya jikoni. Ongeza mwanga kwa hatua moja, halafu tazama histogramu (grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera) isigonge ukuta wa kulia. Piga kwa RAW (faili ghafi la kamera, rahisi kurekebisha baadaye) kama unaweza. Filta ya polarize inakata mng'ao wa maji na kutoa wekundu wa vijidudu vya ziwani, ila ukiivalisha lenzi pana sana anga inatoka na baka jeusi upande mmoja.

Hatua ya 5: Video

Tulia. Weka stendi, piga sekunde 20 bila kugusa kamera, acha upepo, ndege na ng'ombe ndio watembee. Ukitaka kugeuza kamera, ifanye polepole kuliko unavyodhani inafaa. Kwa fremu 25 kwa sekunde, weka shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Jua ni kali, kwa hiyo filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) ni lazima. Sauti nayo ni mandhari: vika maiki manyoya ya kukinga upepo, na kila mahali rekodi dakika moja ya ukimya wa pale, bila mtu kuzungumza. Utaishukuru siku ya kuhariri.

Kwa video ya kuharakisha mawingu: picha moja kila sekunde 5, picha 250. Ni kama dakika 21 za kusubiri kwa sekunde 10 za video.

Hatua ya 6: Magadi hayana huruma

Ni magadi yale yale ya kulainishia maharage, sasa fikiria ziwa zima. Safari ya pili niliingiza miguu ya stendi kwenye tope, nikaifuta kwa kitambaa nikaona imetosha. Nilipofika nyumbani vifungo viwili vilikuwa vimegoma kabisa. Osha kwa maji safi yasiyo na chumvi jioni ile ile. Na usitembee juu ya gamba bila mwenyeji. Juu linaonekana gumu, chini ni tope jeusi linalonuka, na linameza hadi gotini. Lenzi badilisha ndani ya gari, vioo vimefungwa, kamera imezimwa na kuangalia chini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi nina simu tu. Nisiende?

Nenda. Futa lenzi kwa kitambaa safi kila mara, maana vumbi na jasho vinatia ukungu. Bonyeza kioo kwa muda mpaka fokasi na mwanga vifunge, kisha panda au shuka mwanga kwa kidole. Usizumu kwa vidole. Tumia lenzi ya pili ya simu kama ipo. Mchana joto linaweza kupita nyuzi 40 na simu itajizima, kwa hiyo iweke kivulini.

Droni je? Nimeona video kali sana za heroe (flamingo) kutoka juu.

Ndugu yangu, hapa nitakuwa mkali. Kwanza sheria: droni inasajiliwa TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) na inahitaji kibali cha Wizara ya Ulinzi, na kazi ya filamu ianzie Bodi ya Filamu. Pili, Natron ndiyo mazalio makuu ya heroe wadogo Afrika Mashariki, na tangu 2001 ni eneo la Ramsar, yaani ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Ndege wakishtuka wanaacha mayai na makinda kwenye jua lile. Hata ukiwa na karatasi zote, usirushe droni karibu na viota. Lenzi ndefu kutoka ufukweni inatosha.

Ni kweli ziwa linageuza ndege kuwa mawe papo hapo?

Hapana, dada. Hizo ni picha za Nick Brandt zilizosambaa 2013. Aliokota mizoga iliyokaushwa na chumvi ufukweni, akaiweka juu ya matawi na kuipiga picha. Ndege wengi wanaishi kwenye maji hayo hayo.

Nyota nazipigaje? Nasikia giza la huko ni zuri.

Ni zuri mno. Chagua usiku usio na mwezi, Juni hadi Agosti ukitaka kitovu cha Njia Nyeupe (Milky Way) kiwe juu. Gawanya 500 kwa milimita za lenzi yako: lenzi ya 20 inakupa sekunde 25 kabla nyota hazijaanza kuwa mistari. Apecha (uwazi wa lenzi) 2.8, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 3200, fokasi kwa mkono kwenye nyota angavu.

Nilipanda Lengai, betri zikaisha kabla ya jua kuchomoza.

Ni baridi ya juu, mkuu. Watu huanza kupanda karibu saa 6 usiku, na betri inakaa ndani ya begi kwenye upepo saa tano sita. Ziweke mfuko wa ndani, zigusane na mwili, na usitie kamera betri mpaka ufike.

Wenyeji wakikataa picha au wakidai hela unafanyaje?

Akikataa, amekataa, kamera inashuka. Salimia kwanza kwa Kimaasai: kwa mwanaume sema "Sopa", kwa mwanamke "Takwenya", na subiri jibu. Bei mpatane kabla, kupitia mwenyeji wako wa pale pale Engare Sero. Nami siku hizi narudi na picha za karatasi za watu niliowapiga safari iliyotangulia. Mama mmoja aliishika yake, akamtafuta mumewe, akamkuta amekatwa nusu pembeni ya fremu, akaniagiza nirudie. Nilirudia jioni hiyo hiyo, wote wawili wamesimama wima mbele ya Gelai. Picha hizo zichapishe studio kabla ya kuondoka mjini na uzifunge kwenye mfuko wa plastiki, vumbi la Engaruka linapenya hata bahasha.