Kuchagua Njia ya Kusampuli Upya Picha za Angani Zinapogeuzwa Ramani

Picha ya angani ya Mombasa inapoingizwa kwenye ramani, huzungushwa na kunyooshwa ili ikae kwenye gridi ya UTM (mfumo wa kimataifa wa kugawa dunia katika kanda za ramani) kanda ya 37 Kusini, ambayo katika programu ya ramani kama QGIS huchaguliwa kwa namba EPSG:32737. Pikseli (miraba midogo inayounda picha) za gridi mpya haziangukii sawasawa juu ya zile za awali, kwa hiyo programu haina budi kukadiria thamani ya kila moja, na makadirio hayo ndiyo tunayoyaita kusampuli upya. Kabla ya kuchagua njia, jiulize namba iliyomo ndani ya pikseli ina maana gani: je, ni kiasi, kama mwangaza au mwinuko wa ardhi, au ni jina la kitu lililoandikwa kwa tarakimu?

Swali hili hupuuzwa mno, nami nimeona likigharimu kazi ya siku nyingi. Chukua ramani ya matumizi ya ardhi ambamo 1 ni bahari, 2 ni mikoko na 3 ni majengo. Pale gati la bandari ya Kilindini linapokutana na maji, njia ya bilinea, ambayo huchukua pikseli 4 za jirani na kutafuta wastani unaozipa uzito zaidi zilizo karibu, itachanganya 1 na 3 na kutoa 2, na ukingo wa zege utaonekana umeota mikoko. Kwa ramani za namna hii tumia jirani wa karibu zaidi, kwa kuwa njia hiyo hunakili thamani iliyopo bila kuibadilisha.

Kwenye picha yenyewe, hata hivyo, jirani wa karibu huikatakata mistari ya paa na vichochoro vya Mji wa Kale ikawa kama ngazi. Hapo njia ya kubiki, inayotumia pikseli 16 za jirani, huacha kingo kali na safi. Kwa mwinuko wa ardhi mimi huchagua bilinea, kwani kubiki inaweza kuvuka mipaka ya thamani za jirani na kuchimba shimo lisilokuwapo chini ya ukuta.

Unapopunguza picha kutoka pikseli za upana wa sentimita 5 ardhini hadi za sentimita 50, kila pikseli mpya hufunika 100 za zamani. Jirani wa karibu huchukua 1 tu kati ya hizo, na mapaa ya mabati huzuka na mawimbi ya uongo; chagua njia ya wastani, inayozijumlisha zote.

Anza daima na faili asilia, usampuli mara moja tu, na utaje mapema thamani ya sehemu zisizo na data, la sivyo weusi wa pembezoni utaingia kwenye picha. Ukimaliza, kuza ukingo wa gati na usome thamani za pikseli moja moja kutoka majini hadi kwenye zege.