Kuchagua joto la rangi unaposawazisha skrini ya kompyuta

Wengi wanaosawazisha skrini, yaani kuirekebisha ili rangi zake zionekane sahihi, hukwama mahali pamoja: programu inawauliza wanataka weupe wa kelvini 5000, 6500 au 9300, nao hawajui waandike nini. Kelvini ni kipimo cha joto la rangi, yaani jinsi weupe unavyoelekea manjano au buluu. Jiulize kwanza kazi yako itatazamwa wapi. Mimi huhariri picha za harusi hapa Mombasa, na swali hilo nalichukulia kwa uzito. Gauni jeupe la bibi harusi likitoka na rangi ya buluu kwenye albamu, huwezi kumweleza mama yake habari za kelvini. Yeye anaona gauni la mwanawe limeharibiwa.

Kipimo chenyewe huenda kinyume na mazoea yetu. Kelvini chache ni mwanga wa manjano. Kelvini nyingi ni mwanga wa buluu. Ni kama chuma cha mhunzi: kikianza kushika moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha manjano, kikizidi tena hukaribia weupe. Balbu ya zamani ya waya iko karibu na 2700, jua la mchana karibu na 5500, na mchana wa mawingu ni 6500 au zaidi.

Hatua ya 1: Tayarisha chumba. Funga mapazia, maana jua letu la pwani likiingia dirishani, weupe unaouona asubuhi si ule wa alasiri. Pazia jekundu au ukuta wa kijani nao hupaka macho yako rangi. Tumia taa za aina moja. Zima hali ya usiku na mwangaza unaojibadilisha wenyewe, kisha iache skrini iwake nusu saa kabla ya kupima chochote.

Hatua ya 2: Chagua namba. Kama kazi yako inaishia kwenye simu, tovuti au video, weka 6500. sRGB, kiwango cha rangi cha mwaka 1999 kinachofuatwa na picha nyingi za intaneti, kimejengwa juu ya weupe uitwao D65, ambao ni takriban 6500. Simu za wateja zitatofautiana, usizifukuzie.

Kazi ya kuchapisha inataka subira zaidi. Kiwango cha ISO 3664 kinataka chapa zikaguliwe chini ya mwanga wa D50, yaani karibu 5000, na ndiyo maana wengi huandika 5000 moja kwa moja. Sikushauri hivyo. Katika chumba chenye taa nyeupe za tyubu, skrini ya 5000 itaonekana ya manjano, nawe utaanza kuongeza buluu isiyohitajika. Chukua karatasi ileile utakayochapishia, iweke kando ya skrini chini ya taa unayokagulia chapa, ufungue ukurasa mweupe mtupu. Punguza joto la rangi na mwangaza kidogo kidogo mpaka weupe hizo mbili zifanane. Mara nyingi utaishia kati ya 5000 na 6000. Mchoraji wa leso afanye vivyo hivyo kwa kipande cha kitambaa chenyewe, kwani weupe wa pamba si weupe wa karatasi.

9300 achana nayo. Inapendeza kwa kung'aa, lakini hukupotosha: unaona buluu kila mahali, unaongeza manjano kuisahihisha, na picha zinatoka za manjano.

Hatua ya 3: Rekebisha. Kwenye menyu ya monita, chagua sehemu inayokuruhusu kugusa nyekundu, kijani na buluu moja moja. Punguza rangi iliyozidi badala ya kuongeza iliyopungua. Kushusha kelvini kwa kawaida huanza na buluu. Gama, yaani jinsi mwangaza unavyopanda kutoka nyeusi hadi nyeupe, iwe 2.2, mwangaza kati ya candela 80 na 120 kwa mita mraba. Ukiwa na kolorimita (kifaa cha kupima rangi za skrini), ining'inize juu ya skrini, nayo programu ya bure ya DisplayCAL itakuongoza. Laputopu nyingi hazina menyu hiyo, hivyo marekebisho hufanywa na kadi ya picha ya ndani ya kompyuta (graphics card). Hapo usiende mbali sana na weupe wake wa asili, la sivyo anga laini litaanza kuonyesha mistari.

Hatua ya 4: Kagua. Usihukumu papo hapo. Skrini iliyotoka kwenye buluu huonekana ya manjano mpaka macho yazoee, kwa hiyo fanya kazi nyingine kidogo kwenye skrini hiyohiyo. Kisha fungua ngazi za kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe. Zikiwa na dalili ya kijani au waridi, kelvini haitakusaidia: weupe wawili wa 6500 unaweza kutofautiana kwa kijani. Gusa kijani peke yake.

Rudia kipimo kila mwezi, na kila unapobadilisha taa za chumba au aina ya karatasi.