CD na DVD zako ukiwa Uingereza: kipi ukopi, kipi uache

Wengi tunajua kitu nimekinunua kwa hela yangu basi nakopi nitakavyo, ilimradi siuzi. Kwa Uingereza siyo hivyo, na mimi nilichelewa kujua maana kompyuta yenyewe ukiiwekea CD inakuuliza kama unataka kuingiza nyimbo, sasa utajuaje kama kuna shida?

Ruhusa iliwahi kuwepo. Tarehe 1 Oktoba 2014 serikali iliruhusu mtu kukopi alichonunua kwa matumizi yake mwenyewe, iwe kwenye simu, flashi au hata kuhifadhi mtandaoni, watu wa muziki wakaenda mahakamani wakasema mbona hatulipwi fidia na serikali haijaonyesha kwamba hatupati hasara, Julai 2015 Mahakama Kuu ikaifuta. Hata mwaka haikumaliza. Ujerumani walishamaliza kesi hiyo zamani, ukinunua flashi tayari umelipia kitozo cha wasanii humohumo kwenye bei.

Kwa hiyo anza kwa kuvitenga vitu vyako. Programu ya kompyuta uliyoipata kihalali, tengeneza bakapu kama unaihitaji kwa matumizi yako, sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1988 inakulinda na mkataba ukikukatalia hiyo bakapu kipengele hicho hakina nguvu. Kipindi cha TV rekodi nyumbani ukiangalie ukitoka shifti, ila siyo kujaza kabati. CD ya muziki ndo hairuhusiwi, hata kama hujasikia mtu kagongewa mlango kwa CD moja, afadhali utafute albamu hiyohiyo kwenye duka la mtandaoni na usome masharti, mengi yanakuruhusu kushusha kwenye vifaa kadhaa. DVD ya filamu ndo mbaya zaidi, ile ina kufuli la kidijitali la kuzuia kukopi, na kuvunja kufuli hilo ni tatizo jingine juu ya lile la kukopi.

Halafu kuna video ya harusi, hapa watu hawaamini kabisa. Umemlipa mpiga video, ila hakimiliki ni yake mpaka muandikishane vinginevyo, wewe una haki ya kumzuia asiirushe hadharani tu. Omba ruhusa kwa maandishi. Dada mmoja DVD yake ilikuwa inaganda palepale bibi harusi anapoingia ukumbini, nikamwambia mtumie meseji jamaa kabla hatujagusa kitu, akajibu "kopi tu dada hamna shida", tukapiga skrinishoti, ndo tukakopi.