Kabla Hujampa Daktari Pua Yako

Wasichana wanaonijia kuniuliza habari za kufanya pua, yaani kuibadili umbo kwa upasuaji, huanza na swali moja: daktari gani mzuri? Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Mombasa, na kazi yangu ya miaka mingi imekuwa na mabingwa wa masikio, pua na koo. Daktari tutamfikia. Kwanza niambie pua yako ina nini.

“Siipendi tu” halinitoshi, wala halitamtosha daktari makini. Nataka nisikie kwamba mgongo wa pua una kinundu ukitazamwa kwa upande, au ncha imelala, au mbawa zinatanuka ukicheka, au tundu moja halipitishi hewa tangu ulipoanguka. Kila moja ina upasuaji wake. Kinundu huchongwa, mfupa na gegedu (ule mfupa laini, kama wa sikio) pamoja. Ncha hushonwa na kujengwa upya kwa gegedu. Mbawa hukatwa kipande chembamba pale zinapokutana na shavu. Hewa ikikwama kwa sababu ukuta wa kati umepinda, ukuta hunyooshwa, na hayo ni matibabu ambayo mara nyingi bima huyafikiria. Urembo kwa kawaida utajilipia mwenyewe. Yaandike kwenye karatasi. Upande wa pili andika usichotaka kuguswa, maana hilo watu hulisahau, kisha wanaamka na pua nzuri isiyofanana na ya mtu yeyote wa kwao.

Usijipime kwa selfi. Mwaka 2018 Boris Paskhover, daktari wa upasuaji wa uso nchini Marekani, na wenzake walikokotoa kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi huionyesha pua kuwa pana kwa takriban asilimia 30 zaidi ya inavyoonekana kutoka mita moja na nusu. Mwambie mtu asimame mbali akupige picha mchana, uso wa mbele na pande zote mbili. Wako ambao shida yao huishia hapo.

Wako pia ambao haiishi. Ukijikuta unakaa mbele ya kioo saa nzima, unakwepa harusi za ndugu zako, na kila anayekwambia pua haina kasoro unamwona mwongo, zungumza na mtaalamu wa afya ya akili kabla ya daktari wa upasuaji. Hali hiyo ni ugonjwa unaojulikana na una tiba, lakini kisu hakiutibu. Mgonjwa hutoka na pua mpya na huzuni ile ile. Na kama anayeitaka pua mpya ni mchumba wako, subiri. Msichana wa miaka 15 naye asubiri: uso uwe umekwisha kukua kwanza, na kwa wavulana huchelewa zaidi.

Waislamu wenzangu huniuliza kama inafaa. Mimi si mwanachuoni, ila nawakumbusha hadithi ya Arfaja bin As‘ad, aliyekatwa pua vitani, akavaa pua ya fedha ikaanza kunuka, Mtume akamwamuru avae ya dhahabu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, likaruhusu upasuaji wa kurekebisha kasoro ya kuzaliwa nayo au iliyoletwa na ajali na maradhi, likakataza kubadili umbile lililo sawa kwa ajili ya matamanio tu. Yako iko upande gani, kaa na sheikh unayemwamini kabla hujalipa amana.

Pua zetu na ufundi wake

Upasuaji huu ulikuzwa Ulaya kwa pua za Ulaya. Jacques Joseph alianza kupunguza pua kubwa mjini Berlin mwaka 1898, na kwa muda mrefu ufundi ulikuwa huo, kupunguza. Pua nyingi za kwetu zina ngozi nene, gegedu laini na mgongo mfupi. Ukipunguza gegedu ndani ya pua ya namna hiyo, ngozi nene haijikunji ikafuata. Inakaa kama shuka juu ya kitanda kilichoondolewa miguu, na ncha inakuwa bonge. Mara nyingi kinachotakiwa ni kujenga: kuchukua gegedu la ukuta wa kati, la sikio au la ubavu, na kuipa pua mhimili. Wengine huweka kipande cha silikoni. Ni kazi ya haraka, lakini silikoni inaweza kuhama, kuingia wadudu, hata kutoboa ngozi baada ya miaka. Gegedu la ubavu nalo huweza kupinda, na litakuachia kovu kifuani. Muulize daktari atatumia nini, na kwa nini hicho.

Kama wewe au mama yako mlitoga masikio pakaota kovu la kuvimba, sema mapema. Mkato mdogo katikati ya matundu mawili kwa kawaida hupona vizuri. Ninaouogopa mimi ni ule wa mbawani.

Kuna na pua ya sindano, yaani kudungwa dawa ya kuijazia pua, inayotangazwa kuwa haina hatari kwa kuwa haina kisu. Si kweli. Dawa ya kujazia ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi ya pua huweza kufa, na imetokea watu wakapofuka. Ikiwa lazima, apige daktari anayeijua mishipa ya uso, mwenye dawa ya kuyeyusha pale pale mezani. Saluni si mahali pake.

Kumpima daktari

Anza na daftari la serikali. Kenya ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na unaweza kutafuta jina lake kwenye tovuti yao. Tanzania bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Zanzibar ina baraza lake. Usiishie kuona kwamba ni daktari, tazama ubingwa wake. Unamtaka bingwa wa upasuaji wa plastiki, au bingwa wa masikio, pua na koo aliyejifunza zaidi upasuaji wa uso. Baadhi yao wamefuzu kupitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha kanda yetu chenye makao Arusha. Cheti cha kozi ya siku chache kilichotundikwa ukutani si ubingwa.

Kisha omba picha za wagonjwa wake wenye ngozi na pua kama yako, zilizopigwa mwaka mmoja baada ya upasuaji, kwa mwanga ule ule na umbali ule ule, pamoja na ile ya kutoka chini inayoonyesha matundu. Picha ya mgonjwa akiwa bado mezani haikwambii kitu. Pale kuna uvimbe tu.

Binti wa kaka yangu nilimsindikiza mwenyewe. Daktari wa kwanza alitazama picha kwenye simu yake, akamwambia atamfanyia pua yoyote aitakayo. Nikamshika mkono tukaondoka. Wa pili aliingiza taa ndani ya pua, akamtaka avute pumzi huku akivuta shavu pembeni kwa kidole aone kama hewa inaongezeka, akabonyeza ncha kupima ugumu wake. Akamwambia: ncha nitaiinua kidogo, lakini wembamba wa kwenye picha hii ngozi yako haitaukubali, na mbawa sitazigusa kwa sababu ya makovu yako ya masikio. Msichana alinuna njia nzima. “Shangazi, huyu hajiamini.” Nikamwambia huyo ndiye. Mimi daktari humpima kwa yale anayoyakataa.

Muulize pia maswali haya bila haya, na uandike majibu. Pua kama yangu umefanya ngapi mwaka huu? Nani atanipa nusukaputi, na ni daktari wa usingizi aliyesajiliwa? Kituo kina oksijeni, damu na chumba cha wagonjwa mahututi, au kina mpango gani nikizidiwa? Bei imejumuisha nini? Nikihitaji kurudiwa, nani analipa? Vitabu vya fani hutaja kwamba kati ya wagonjwa 5 na 15 katika kila 100 hurudi mezani, kwa hiyo daktari anayesema kwake hawarudi, muache.

Wengi siku hizi huelekea Istanbul, kwa kuwa huko pua hufanywa kwa wingi. Sina neno na mji huo. Ila anayekujibu kwenye WhatsApp ni mtu wa mauzo. Ongea na daktari mwenyewe kwa video kabla ya kutuma pesa, na uliza kama hospitali ina kibali cha Wizara ya Afya ya Uturuki cha kutibu wageni. Panga kukaa mpaka banzi linaloishikilia pua litolewe, karibu wiki moja, na siku za ziada kabla ya ndege. Tafuta bingwa wa nyumbani aliyekubali kukupokea ukirudi. Wengi hawapendi kushika kazi ya mwenzao.

Siku zenyewe

Wiki mbili kabla, kwa maelekezo ya daktari, acha aspirini, Brufen, mafuta ya samaki na vidonge vya kitunguu saumu, maana huongeza kuvuja damu. Sigara na shisha acha mapema zaidi. Kama una siko seli au unabeba chembe zake, mwambie daktari wa usingizi. Kipini kivue.

Baada ya hapo utalala kichwa juu ya mito, hutapenga kamasi, na chafya utaipiga mdomo wazi. Kuinama huleta damu puani, kwa hiyo muulize daktari lini urudi kusujudu. Kabla ya hapo uswali umekaa, kwa ishara, kama mgonjwa mwingine yeyote. Miwani isikae juu ya pua mwezi na zaidi. Wekundu wa macho na weusi wa chini yake hupungua ndani ya wiki mbili, lakini ncha yenye ngozi nene hubaki imevimba kwa mwaka mzima, wakati mwingine zaidi. Usiombe kurudiwa kabla ya muda huo, hata shoga zako waseme nini.

Homa, usaha, damu inayochuruzika bila kukoma, maji mepesi yasiyo na rangi yanayodondoka puani pamoja na maumivu makali ya kichwa: rudi hospitali. Na pua ikiziba ghafla pande zote mbili huku ikiuma na kuvimba kwa ndani, damu inaweza kuwa imejikusanya kwenye ukuta wa kati, na gegedu likikosa chakula hufa, mgongo ukadidimia. Hiyo ni safari ya usiku huo huo, usingoje kliniki ifunguliwe asubuhi.