Sikukuu Ikiangukia Wikiendi: Ninavyopiga Hesabu ya Mishahara

Tanzania Bara, sikukuu haihamishwi. Muungano wa 2026, tarehe 26 Aprili, ni Jumapili. Jumatatu yake ni kazi, labda Serikali itangaze vinginevyo. Kenya, sikukuu ya Jumapili husogezwa mbele, na nadhani ndiko linakotoka swali ninalopigiwa simu kila mara: "Mhasibu, Jumatatu tunakuja?" Mnakuja.

Hatua ya 1: Anza na ratiba ya zamu. Kalenda ya ukutani haikwambii nani alipwe nini. Nane Nane ya 2026 ni Jumamosi. Karani wa Jumatatu hadi Ijumaa haongezwi wala hakatwi kitu. Muuza duka wa Jumatatu hadi Jumamosi anapumzika na mshahara wake hauguswi. Akija kazini, nenda hatua ya pili. Idd iandike kwa penseli, mwezi haujaandama.

Hatua ya 2: Tafuta thamani ya saa moja. Chukua mshahara wa msingi, bila posho, gawanya kwa 4.333, kisha gawanya kwa saa za kawaida za wiki. Mtu wa 585,000 kwa wiki ya saa 45 anapata karibu 3,000 kwa saa. Wanaogawanya kwa siku 30 wanampunja mtu bila kujua.

Hatua ya 3: Zidisha mara mbili. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataka hivyo kwa kila saa iliyofanywa siku ya sikukuu. Saa 8 za Nane Nane: 3,000 × 2 × 8 = 48,000. Wapo wanaolipa 24,000 kwa hoja kwamba nusu nyingine imo tayari kwenye mshahara wa mwezi. Mimi naweka 48,000 yote, kwenye mstari wake peke yake, ili mtu akishika slipu aione.

Na je, sikukuu ikiangukia siku yake ya mapumziko ya wiki? Saa za mapumziko nazo hulipwa mara mbili, ila sijaona popote sheria inaposema uzijumlishe zifike mara nne. Nalipa mara mbili. La kuangalia ni ridhaa: kufanya kazi siku ya mapumziko kunahitaji akubali mwenyewe.

Hatua ya 4: Kata zamu ya usiku vipande. Hapa ndipo nilipoaibika. Mlinzi mmoja alinijia na daftari la getini, kidole kikiwa juu ya mstari: kuingia Jumamosi saa 12 jioni, kutoka Jumapili saa 12 asubuhi. Jumapili ilikuwa sikukuu, nami nilikuwa nimeiandika zamu yote Jumamosi. Saa sita za mtu zilikuwa zimeyeyuka. Sasa nakata saa 6 usiku: kabla ya hapo Jumamosi, baada ya hapo sikukuu. Usisahau nyongeza ya usiku, asilimia 5, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Hatua ya 5: Usilipe kwa ofu. Bosi atakwambia, "Mpe Jumanne apumzike, yaishe." Kifungu kinataja pesa. Ofu mpe kama zawadi, juu ya malipo.

Hatua ya 6: Likizo. Siku 28 za mwaka ni za mfululizo, na sikukuu zimo humo humo. Anayeondoka Jumatatu 20 Aprili 2026 anamaliza Jumapili 17 Mei. Muungano na Mei Mosi zimemezwa, na Jumatatu 18 yuko kazini. Ila soma mkataba kwanza. Mkataba ukiandika "siku 28 za kazi", hesabu ni nyingine na ni yake kuidai.

Malipo ya sikukuu yanaingia kwenye PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, ya mwezi huo huo. Mwambie mtu mapema, maana atakuja na slipu mkononi kuuliza 48,000 yake imeliwa na nani.