Glaida kwenye hanga la Kisongo au Moshi: kufuata maagizo ya lazima, kukagua na kutengeneza

Ukaguzi wa mwaka wa glaida, ndege inayoelea hewani bila kutegemea injini, hufuata tarehe, hata kama daftari linaonyesha saa 10 tu za kuruka tangu ukaguzi uliopita. Kwa Arusha na Moshi tunalisisitiza hili, kwa sababu ndege iliyokaa inaharibika pia. Uwanja wa Kisongo uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na jua lake linapasua jelikoti, tabaka gumu la nje la ngozi ya ndege. Moshi, chini kidogo kwenye karibu mita 850, kuna joto zaidi, na unyevu wa masika unaingia kwenye beringi na kwenye viungo vya mbao. Vumbi la kiangazi nalo linajichanganya na grisi na kula kila kinachozunguka. Panga ukaguzi mwanzoni mwa Juni, mvua zikiisha, ili athari za unyevu zionekane zikiwa bado mbichi.

Kabla ya kushika bisibisi, jua nani anaruhusiwa kusaini. Ndege yenye usajili wa 5H iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na kazi inathibitishwa na fundi mwenye leseni inayogusa aina hiyo ya ndege. Ikiwa usajili ni wa nchi nyingine, kanuni za nchi hiyo ndizo zinazoamua, hata kama ndege haijatoka Kilimanjaro kwa miaka mingi. Mwenye ndege anaweza kufungua vifuniko, kusafisha na kusaidia, lakini asidhani ruhusa aliyosikia inatolewa kwa wenye glaida Ulaya inamhusu yeye hapa. Mpigie fundi kabla hujaanza, na mkubaliane ni hatua zipi lazima azione kwa macho yake kabla hazijafunikwa.

Orodha ya maagizo

Agizo la lazima la usalama, ambalo mafundi wanaliita AD, hutolewa na mamlaka ya nchi iliyobuni ndege, na nchi iliyoisajili ndiyo inayolitia nguvu kwa ndege zake. Glaida nyingi ni za Ujerumani, kwa hiyo maagizo yake utayapata EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Umoja wa Ulaya, na ya zamani kwa mamlaka ya Ujerumani, LBA. Kiwanda nacho hutoa taarifa za kiufundi. Taarifa peke yake inaweza kuwa ushauri tu, lakini AD ikiitaja imekuwa sheria.

Tengeneza jedwali lenye safu hizi: namba ya agizo, tarehe yake, namba za ndege zinazohusika, kinachotakiwa, njia iliyotumika, tarehe na saa za ndege kazi ilipofanyika, lini inarudiwa, na nani alisaini. Usitafute kwa jina la ndege tu. Ndoano ya kuvutia, inayoshika kamba ya kurushia glaida, ina maagizo yake, na vivyo hivyo mikanda, injini na propela ya glaida yenye mota, hata vifaa vya dashibodi. Soma namba kwenye kibati cha kila kifaa, si kwenye daftari, maana ndoano au eleveta (kibawa cha mkia cha kuinua na kushusha pua) inaweza kuwa ilibadilishwa miaka 20 iliyopita na karatasi haikufuata.

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni neno moja kwenye daftari: "limefanyika". Limefanyika vipi? Agizo likitoa njia mbili, moja ya kukagua kila mwaka na nyingine ya kubadilisha kipuri na kumaliza kabisa, neno hilo halisemi ipi ilichaguliwa. Usipopata ushahidi, fanya kazi upya.

Na usiamini kwamba agizo lililotimizwa limefungwa milele. Mfano ni L-13 Blanik, glaida ya bati iliyotoka Chekoslovakia. Juni 2010 bawa la mojawapo lilikatika hewani Austria kwa uchovu wa metali kwenye boriti kuu inayobeba bawa, na waliokuwamo wakafariki. EASA kwanza iliagiza boriti zikaguliwe. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, ilibainika kwamba ukaguzi ule haukutosha kuzigundua nyufa, na agizo jipya likazuia ndege hizo kuruka. Aliyekuwa na saini ya agizo la kwanza hakuwa tena na ndege halali. Kwa hiyo angalia orodha siku ya ukaguzi, kisha iangalie tena siku ya kusaini, kwa kuwa kati ya siku hizo mbili mnaweza kupita wiki kadhaa mkisubiri vipuri.

Andika pembeni pia ukomo wa saa. Glaida nyingi za faiba (kitambaa cha nyuzi kilichogandishwa kwa rezini) zinatakiwa ukaguzi mkubwa zikifika saa 3,000, ndipo ziruhusiwe kuendelea hadi hatua inayofuata, mara nyingi saa 6,000. Ndoano za Tost hurudishwa kwa matengenezo makubwa baada ya kurusha glaida mara 2,000. Mikanda ya viwanda vingi ina ukomo wa miaka 12 hata kama inaonekana mipya.

Kukagua kwa macho, sikio na mkono

Ondoa mabawa na mkia, toa kiti na zulia, fungua vifuniko vyote. Osha kwanza, kwa sababu uchafu unaficha ufa. Unahitaji tochi kali, kioo chenye mpini, kioo cha kukuzia mara 10, kipimo cha mwanya, kitambaa cha pamba na sarafu.

Anza na viungo vya usukani, kwa sababu hapo ndipo glaida nyingi zimeua watu. Glaida za zamani za faiba huunganisha eleroni (vibawa vya nyuma ya bawa vya kulazia ndege upande), breki za hewa (vibao vinavyochomoza kwenye bawa) na eleveta kwa viungo vya L'Hotellier: kikombe kinachofunga juu ya mpira wa chuma, na kabari ndogo inayorudishwa na springi. Kabari ikirudi sawasawa, tundu lake la kufungia linaonekana, na hapo ndipo pini au kola ya kuzuia huingia. Safisha grisi ya zamani na vumbi lake, kagua kama mpira umechakaa na kuwa na umbo la yai, weka grisi kidogo mpya, kisha bonyeza kabari na uiachie mara kadhaa. Ikirudi kwa uvivu, kiungo hicho hakifai. Pini haina hiari: kiungo kinaweza kuonekana kimefungwa huku kimekalia ukingo wa mpira tu, nacho kitaachia baada ya mtikisiko wa kwanza.

Baada ya kuunganisha, mmoja ashike eleroni kwa nguvu kiasi, mwingine asukume fimbo akiwa kokpiti. Rudieni kwa kila usukani na kwa breki za hewa, pande zote mbili. Kuona eleroni ikicheza bila kushikwa hakutoshi, kwani kiungo kilichokaa vibaya nacho huisogeza.

Kebo za usukani wa mkia hupita kwenye mabomba madogo yenye umbo la S kwenye pedali. Hapo kebo inajikunja kila unapobonyeza, na hapo ndipo nyuzi hukatika, ndani ya bomba, usipoona. Sogeza pedali hadi mwisho mbele na mwisho nyuma, toa sehemu iliyojificha, pitisha kitambaa cha pamba juu ya kebo. Kikinasa, kuna uzi uliokatika. Badilisha kebo nzima. Usinunue waya wa breki ya pikipiki pale mjini hata kama unene ni uleule, kwa sababu kebo ya ndege ina daraja, cheti na kibomba cha kubana ncha kilichopimwa kwa geji.

Pini za boriti kuu na bushi zake kwenye shina la bawa hupimwa kwa mikono: ndege ikiwa imeunganishwa, mtu ashike ncha ya bawa aisukume mbele na nyuma taratibu, mwingine asikilize na kugusa kwenye kiungo. Kiasi cha mchezo kinachoruhusiwa kiko kwenye mwongozo. Kama mwongozo unatoa kasi ya mtikisiko wa bawa, itikise kwa mdundo wake, hesabu mitikisiko kwa dakika na ulinganishe na ile iliyoandikwa mwanzo. Namba ikishuka, kuna kitu kimelegea au kimevunjika ndani.

Kisha gonga ngozi kwa sarafu, hatua ya sentimita 3, hasa kuzunguka boksi la breki za hewa, gurudumu na chini ya kiti. Sauti kavu na kali ni nzuri. Ikibadilika kuwa nzito na butu, tabaka zimeachana. Nyufa za jelikoti zinazofuata urefu wa bawa na kutawanyika kila mahali mara nyingi ni za jua. Zile zinazokusanyika sehemu moja, au kukaa kwa pembe ya nyuzi 45 karibu na kiungo, zinaweza kuwa za kupigwa, na hapo kwaruza jelikoti hadi uone faiba. Ikiwa nyeupe kama imesagika, imevunjika.

Matundu ya kupima kasi na mgandamizo yakague kila siku ya kuruka, siyo kila mwaka tu. Nyigu wa udongo huku wanajenga ndani yake kwa muda mfupi sana, na rubani anaondoka akiwa na kipimo cha kasi kinachosema uongo. Ziba kwa vifuniko vyenye utepe mwekundu. Ndani ya mkia tafuta viota vya panya, kwani mkojo wao unakula alumini. Tairi, breki ya gurudumu na betri havina siri, fuata mwongozo.

Kiunganishi dhaifu cha kamba ya kuvutia, kinachokatika kwanza mvuto ukizidi, nacho ni sehemu ya ukaguzi. Rangi zake ni nguvu zake: nyeusi daN (dekanyutoni, kipimo cha nguvu) 1,000, kahawia 850, nyekundu 750, bluu 600, nyeupe 500, njano 400, kijani 300. Tumia rangi iliyoandikwa kwenye mwongozo wa ndege yako, na tupa kipande chenye tundu lililovutika.

Kutengeneza faiba

Glaida hubuniwa kwa rezini ya epoksi. Rezini ya poliesta inayouzwa kwa mafundi wa bodi za magari haishiki vizuri juu ya epoksi ya zamani, na putini ya magari inaongeza uzito pasipo nguvu. Kataa zote mbili, hata kwa kidonda kidogo. Agiza rezini na kitambaa vilivyotajwa kwenye mwongozo, na uangalie tarehe ya mwisho kwenye kopo, kwani mizigo hukaa njiani.

Kwa rezini ya L285, uwiano ni gramu 100 kwa gramu 40 za hadina (kigandishaji), na kosa linaloruhusiwa ni gramu 2 tu. Kwa hiyo gramu 50 huchukua hadina gramu 20. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kikombe, kwa sababu hadina ni nyepesi na uwiano wa ujazo ni tofauti. Changanya kidogokidogo. Mchanganyiko mwingi kwenye kopo moja hujipasha wenyewe na kuganda kabla hujaupaka.

Kata sehemu iliyovunjika hadi kwenye faiba nzima, kisha saga kingo ziwe mteremko. Uwiano unaokutana nao sana kwa ngozi ni 1:20, yaani ngozi ya milimita 1 huhitaji mteremko wa milimita 20 kila upande. Boriti hudai mrefu zaidi, na hiyo ni kazi ya karakana iliyoidhinishwa. Hesabu tabaka za zamani na mwelekeo wa nyuzi zake ukiwa bado unaziona kwenye mteremko. Mara nyingi kitambaa cha ngozi ya bawa kimewekwa kwa pembe ya nyuzi 45 ili kihimili kujisokota. Ukikiweka sambamba na bawa, kiraka kitaonekana kizuri na kitakuwa dhaifu. Futa vumbi, usiguse kwa vidole, paka rezini, weka tabaka kwa idadi ileile, funika kwa kitambaa cha kubandua, kinachoondolewa rezini ikiganda.

Juni na Julai usiku wa Arusha ni baridi mno kwa epoksi. Jenga hema la mablanketi na hita, weka vipimajoto viwili, kimoja kikigusa kiraka, na usishuke chini ya nyuzi 20 katika saa 24 za kwanza. Baada ya hapo kiraka hupikwa, kwa mfano saa 15 kwa nyuzi 50 hadi 55. Umeme ukikatika, andika saa na joto lilivyoshuka, kisha umwonyeshe fundi. Jenereta ni nafuu kuliko kurudia. Hatua hii hairukwi: faiba isiyopikwa hulainika juani, na muundo wa glaida nyingi umeidhinishwa hadi nyuzi 54 tu, sababu iyo hiyo inayofanya zipakwe rangi nyeupe. Hifadhi kipande cha sampuli kutoka mchanganyiko uleule, kikiwa na tarehe na namba ya kopo.

Ukigusa eleroni, eleveta au usukani wa mkia, hata kwa rangi tu, pima uzito wake na ulinganifu wake kwenye bawaba kabla ya kurudisha. Gramu chache nyuma ya bawaba zinaweza kuanzisha mtetemo mkali unaovunja mkia kwa sekunde. Ukipita kikomo, punguza rangi. Usiongeze madini ya risasi kama uzito wa kusawazisha bila maelekezo ya kiwanda. Matengenezo kwenye mkia yanasogeza kitovu cha uzito nyuma, kwa hiyo pima ndege nzima na ubadilishe kibati cha uzito kokpiti.

Glaida yenye mota aina ya Rotax 912 ina kazi ya ziada: mabomba na sehemu zote za mpira za mafuta, maji na kabureta hubadilishwa kila miaka 5, hata kama injini imewashwa mara chache.

Kwenye daftari andika tarehe, saa za ndege, namba ya kila AD na njia iliyotumika, sehemu iliyotengenezwa kwa vipimo kutoka alama inayojulikana, idadi ya tabaka, namba za rezini, joto na muda wa kupika, uzito mpya, na namba ya leseni ya aliyesaini. Ambatisha picha za mteremko kabla haujafunikwa.