Jinsi ya Kuweka Mkataba wa Uhifadhi kwenye Shamba la Familia nchini Marekani

Mkataba wa uhifadhi ni hati ambayo mwenye shamba huitia saini kwa hiari yake, akitoa au kuuza haki ya kuligawa na kulijengea shamba, huku umiliki wenyewe, kilimo na uhuru wa kuliuza au kulirithisha vikibaki mikononi mwake. Hati hiyo humfunga kila atakayelimiliki baadaye, na ili ipate nafuu ya kodi ya shirikisho ni lazima iwe ya kudumu.

Hatua ya 1: Wakutanisheni wenye hisa wote. Tafuteni hati ya umiliki, ramani ya upimaji na mikataba ya ukodishaji, kisha mhakikishe ni nani anayemiliki madini yaliyo chini ya shamba, kwa sababu mara nyingi yaliuzwa zamani na haki hiyo inaweza kuukwamisha mpango mzima. Mtoto anayelima na yule aliyehamia mjini hawalitazami shamba kwa jicho moja, kwa hiyo kila mmoja aulizwe anatarajia nini kabla ya wakili kuandika chochote.

Hatua ya 2: Chagueni atakayeushika mkataba, yaani shirika la kuhifadhi ardhi au chombo cha serikali. Ulizeni kama lina akiba ya kuutetea mkataba mahakamani na kama limewahi kushughulika na mashamba yanayolimwa. Shirika lililozoea misitu linaweza kuwaandikia masharti yasiyomfaa mkulima. Mkitaka kulipwa, mpango wa ACEP wa Wizara ya Kilimo huweza kuchangia hadi asilimia 50 ya thamani ya mkataba, lakini anayeomba ni shirika, si mkulima.

Hatua ya 3: Andikeni haki mnazobakiza. Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko popote pengine, na kwa maoni yangu familia nyingi hupaharakisha kwa kuwa akili yao imeshakwenda kwenye kodi. Msiridhike na maneno kama "majengo ya kilimo yanaruhusiwa". Je, nyumba ya wafanyakazi ni jengo la kilimo? Vipi kuhusu kitalu chenye sakafu ya zege, mtambo wa kusindika maziwa, paneli za sola, au ghala la zamani ambalo mjukuu atataka kulikodisha kwa harusi? Choreni kwenye ramani eneo la kujengea, tajeni ukubwa wa juu wa paa na sakafu zote kwa pamoja, na mseme wazi kama shamba linaweza kuuzwa kwa vipande. Msitaje zao wala mfumo mmoja wa ufugaji, kwa kuwa anayefuga ng'ombe leo huenda mrithi wake akapanda mboga.

Hatua ya 4: Kama shamba lina rehani, mkopeshaji akubali kwa maandishi kwamba haki yake itakuwa nyuma ya mkataba, na hati hiyo iwepo kabla ya usajili au siku hiyohiyo. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kumi ilimnyima mtoaji punguzo la kodi kwa sababu ridhaa ya mkopeshaji ilipatikana karibu miaka miwili baada ya mkataba kutolewa.

Hatua ya 5: Shirika liandae ripoti ya hali ya shamba lilivyo sasa. Kila picha ionyeshe tarehe, mahali ilipopigwa na upande kamera ilikoelekea. Tembeeni nao: uzio uliohama au jalala la zamani kando ya kijito lisipoandikwa, siku moja litaonekana kama ukiukaji wenu.

Hatua ya 6: Tafuteni mthamini mwenye sifa, anayejitegemea. Tuseme shamba lina thamani ya dola 900,000 kabla na dola 540,000 baada ya masharti; mkataba una thamani ya dola 360,000. Kwa mkataba uliotolewa bure, tathmini hiyo isitangulie utoaji kwa zaidi ya siku 60, na fomu 8283 ya mamlaka ya kodi ya shirikisho (IRS) itiwe saini na mthamini pamoja na shirika. Kwa kawaida punguzo la kodi halizidi nusu ya mapato ghafi yaliyorekebishwa (AGI) ya mwaka, lakini mkulima ambaye zaidi ya nusu ya mapato yake ghafi hutoka shambani anaweza kufikia asilimia 100, mradi mkataba utamke kwamba ardhi itabaki inafaa kwa kilimo au ufugaji. Kinachobaki huhamishiwa miaka 15 inayofuata. Mkulima mwenye mapato madogo huenda asilimalize punguzo hilo, hivyo pigeni hesabu mapema na mhasibu.

Hatua ya 7: Tieni saini na msajili hati katika ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti.

Hatua ya 8: Baada ya hapo shirika litakagua shamba, kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Kabla ya kujenga au kuchimba chochote ambacho mkataba unataka kitolewe taarifa, liandikieni shirika, msubiri jibu la maandishi na mlihifadhi pamoja na hati; na shamba likiuzwa, mnunuzi akabidhiwe nakala ya mkataba na ile ripoti.